Waya wa Redio ya Mzee Humaid

Sabiri, fundi umeme wa magari pale Kanyenye, alikuwa amekwisha kutukanwa na wateja wa kila namna, lakini tusi lililomwingia mpaka mfupani aliletewa kwa upole. Bi Thuraya, mke wa mzee Humaid mnunuzi wa asali, alisimama mlangoni pa gereji, akaitikia shikamoo yake, kisha akasema:

"Mwanangu Sabiri, waya wa redio kwenye gari la mume wangu umekatika tena. Mara ya nne tangu mwezi wa tatu."

"Mara ya nne!"

"Akiwa porini nisimsikie, chakula hakipiti. Kama kazi imekushinda niambie, nitafute fundi Shinyanga."

Redio yenyewe ilikuwa ile ya kubonyeza kidude ndipo uongee. Huko mbele ya Sikonge, anakonunua asali, simu hazishiki. Kwa hiyo mzee Humaid aliweka redio moja nyumbani, moja kwenye gari lake kuukuu, na nyingine kwenye kambi sita za warina asali. Za kambini hazikuwahi kuharibika. Ya gari kila safari ilirudi bubu.

Sabiri alishuku panya. Alishuku joto la eksozi na mtikisiko wa barabara. Kushuku mtu hakukumpitia akilini.

Akaanza kutafuta waya. Wa kwanza aliununua dukani, unang'aa kama pete ya harusi. Alipoukwangua kwa wembe, ndani mweupe: aluminiamu iliyopakwa rangi ya shaba. Akautupa. Wa pili ulikuwa shaba kweli, ila wa uzi mmoja mgumu, wa kufungia umeme wa nyumba. Akaufunga kwenye mashine ya kusaga ya jirani yake Julieth, utikisike pamoja na mahindi. Siku ya tatu ukakatika kama biskuti.

Wa tatu ulikuwa wa nyuzi nyingi nyembamba za shaba, zilizosokotwa ndani ya ganda nene la mpira. Mashine iliutikisa wiki nzima, haukukatika. Sabiri akauchemsha pamoja na maharage kwenye sufuria ya mkewe Hafsa. Maharage yakaiva, waya ukatoka kama ulivyoingia, na Hafsa hakumsemesha mpaka Ijumaa. Mwishowe akampa mbuzi wa Julieth autafune. Mbuzi alitafuna siku mbili, akaupenda, akakataa majani.

Wakati huo watu walikuwa wanakuja kutazama. Alois, mseminari wa Kipalapala aliyeleta kinanda kitengenezwe, aliombwa aandike ushahidi. Akaandika kwa mwandiko mzuri sana: "Mimi niliyetia sahihi hapa chini nimeshuhudia mbuzi akishindwa."

Mzee Humaid naye alipita kila alasiri, anatazama kama mtu anayechimbiwa kaburi.

"Fundi, unene wote huo wa nini? Mwembamba si unatosha?"

"Mwembamba unapoteza umeme njiani, mzee. Redio inasikia lakini haisemi."

"Basi isiseme," alijibu mzee.

Sabiri akacheka, akadhani ni utani. Akavuta waya moja kwa moja kutoka kwenye betri, akaweka fyuzi karibu na betri, akavisha tundu la bodi mpira ili bati lisiukwaruze, halafu akaupitisha wote ndani ya bomba la chuma. Kisanduku cha fyuzi alikitia kufuli, kwa ajili ya panya. Bi Thuraya akaja, akaushika waya pale ulipotokeza bombani kwa mikono miwili, akakanyaga bampa na kuvuta mpaka ushungi ukamvuka.

"Vizuri," akasema. "Sasa nenda na mume wangu porini ukauone ukifanya kazi."

Walipopita Sikonge bampa ya nyuma ilidondoka, ikafuatwa na kioo cha pembeni. Redio haikutetereka. Kila robo saa iliita: "Humaid, umemeza kidonge cha tumbo? Humaid, umepata choo? Ova." Mzee alikaza macho barabarani.

Walifika kambi ya kwanza adhuhuri. Sabiri akaenda kunywa maji. Aliporudi alikuta miguu miwili imetokeza mlangoni mwa gari. Mzee Humaid alikuwa amelala chini ya dashibodi, ana koleo, kisu na msumeno wa chuma.

"Mzee, unafanya nini?"

"Natafuta panya."

"Kwa msumeno?"

Mzee akajiinua taratibu, jasho linamtiririka. "Sabiri, anachosema mke wangu kinasikika kambi zote sita. Nikifika kupatana bei ya asali, mtu ananiuliza kwanza kama nimepata choo. Nimefanya biashara hii miaka arobaini!"

Kilichomjia Sabiri kwanza ni furaha: nyaya zake hazikuwahi kukatika zenyewe! Kisha hasira, kisha huruma. Akainama kutazama. Msumeno ulikuwa umeparuza bomba kidogo tu. Akajiona fundi hodari, na papo hapo akaona aibu kufurahi.

Redio ikaita. "Fundi Sabiri, waya upo? Ova."

"Upo, mama."

"Mbona mwenyewe hajibu?"

Mzee alimtikisia kichwa, macho yanaomba. Sabiri angeweza kusema waya umekatika, lakini angesemea redio ipi? Akabonyeza.

"Mama, nisamehe. Nyaya anakata mwenyewe. Maneno yenu ya tumbo yanasikika kambi zote."

Redio ikakwaruza.

"Zote?" sauti ya Bi Thuraya ilikuwa ndogo.

"Zote, mama, shikamoo," akadakia mrina asali mmoja. "Limbu hapa, kambi ya nne. Ila tusaidie, alipata choo? Ova."

Tangu siku hiyo Bi Thuraya alikuwa akiita mara mbili tu kwa siku. "Upo?" "Nipo." Mengine yalingoja nyumbani, na mzee Humaid akaacha kutembea na msumeno.

Mwezi ulipokwisha, Limbu alifika Kanyenye kwa baiskeli, redio ya kambi imefungwa nyuma.

"Fundi, tuangalizie. Tangu ufunge waya ule mnene, kipindi cha Bi Thuraya hakishiki."

Sabiri akaifungua, akapuliza vumbi, akamwambia haina ubovu. Limbu hakukubali hata kidogo. Aliomba akatiwe mita mbili za waya ule ule, akazikunja begani, akarudi nazo porini.