Mzungu Aliyeketi Matangani Kwetu

Neno la kwanza aliloniambia mzee yule lilikuwa "Jambo, mama, umelala muzuri?" na mimi nikaangusha beseni la nguo. Ilikuwa mwaka 2015, asubuhi yangu ya kwanza katika chumba cha uani nilichopanga kwake Rosettenville. Nilikuwa nimetoka Lubumbashi miaka kadhaa nyuma, na nilishazoea kwamba Mzungu wa Johannesburg akinisemesha ni kuniambia nisogee. Huyu alisimama kwenye mlango wa jikoni na kaptula yake ya kaki na soksi ndefu, akanisalimia kwa Kiswahili cha mitaani kwetu, kile kile ambacho Watanzania hutuchekea.

Alizaliwa Likasi, kwetu Kongo, mji ambao yeye aliendelea kuuita kwa jina la Wabelgiji. Baba yake alikuwa fundi mgodini. Uhuru ulipokuja, yeye akiwa na miaka kumi, walijaza gari wakakimbia, wakaacha nyumba, mbwa, na yaya aliyekuwa akimbeba mgongoni. Tangu hapo hakuwa na wa kuongea naye, kwa hiyo Kiswahili chake hakikukua. Mzee wa miaka sitini na kitu, mwenye mvi na mikono mikubwa, alizungumza kama mtoto anayesubiri chakula: "Miye nasikia njala. Leo unapika nini?" Sasa mtu mzima akikuambia hivyo utamfanyaje? Unacheka, kisha unampakulia.

Nilikuwa nikiishi na mdogo wangu, mlinzi wa jengo moja kule Doornfontein. Mimi nilisuka nywele, wateja wakinifuata pale pale uani. Jumamosi mzee alikuja kula bukari na sombe pamoja nasi. Bukari ndiyo ugali wetu, sombe ni kisamvu. Uma hakutaka. Alinawa katika beseni letu, akaketi kwenye kreti ya soda, akakanda tonge vizuri kuliko vijana wetu waliozaliwa hapa. Siku moja nilikaanga mawese, harufu ikamfikia ndani ya nyumba, akatoka amelowa macho. Alisema harufu ile ni ya yaya wake. Mdogo wangu alimpa jina, "mutoto ya kwetu", na likamkaa. Nasema wazi kwamba nilimpenda mzee yule, maana bila hilo haya mengine hayaeleweki.

Mwaka wa pili wageni walianza kuja kwake. Wanaume wa rika lake na wengine vijana, Wazungu watupu, wenye magari ya pikapu na mashati ya rangi moja. Walifunga mapazia mchana. Mzee alinijia kwa upole, akaniomba siku za wageni nisukie wateja ndani.

"Bageni yangu habapendi kelele," alisema. "Ni mambo ya ulinzi ya mutaa."

"Eish, ulinzi!" mdogo wangu alicheka. "Na miye mulinzi habaniite?"

Mzee naye alicheka. Lakini siku moja ya joto dirisha lilikuwa wazi, nikamsikia akiwahutubia kwa Kiingereza, na kile Kiingereza hakikuwa cha mtoto hata kidogo. Aliwaambia kuwa alifukuzwa nyumbani kwake mara moja na Waafrika, na hatafukuzwa mara ya pili. Aliwaambia nchi hii ilikuwa yao na itarudi kuwa yao. Wageni weusi wanaomiminika mtaani lazima watolewe kwanza, na wengine watafuata. Kisha akasema jambo lililowafanya wapige meza: yeye anawajua watu hawa, amelelewa nao, lugha yao anaisikia. Ndipo nilipoelewa kwa nini wenye bunduki na misuli walimkubali mzee wa soksi awe kiongozi wao. Kila kundi lina watu wa kuchukia, lakini wao walikuwa na mtaalamu.

Jumamosi iliyofuata alikuja kula kama kawaida. Nilimtazama mdogo wangu, naye akanitazama. Tulijua ana watu wasiotupenda, na tulijua anakula kwetu. Tukachagua kuiamini sahani.

Majira ya baridi ya 2018 Mama alipanda basi kuja kutuona, safari yake ya kwanza. Zaidi alikuwa anamfuata mdogo wangu, kitinda mimba wake, ambaye hakumwona tangu alipoondoka nyumbani. Mama akiwa bado njiani, huko Zambia, mdogo wangu alimaliza zamu yake asubuhi, akavuka barabara kwenye robot, taa ya kijani ikiwa yake, na gari likamgonga. Hakuna aliyethubutu kumpigia Mama simu. Alishuka kwenye basi na maharage ya kumletea mwanawe, tukamshika mkono tukamfikisha uani, akakuta jeneza.

Mzee ndiye aliyefungua geti lake wazi. Ndiye aliyefunga turubai kwa mikono yake na kutoa viti vya nyumbani kwake vyote. Alipomaliza akavua viatu, akaketi kwenye mkeka pamoja na wanaume. Mama alipolia, mtaa mzima ulisikia:

"Mutoto yangu, unaniacha na nani? Nilikuya kukuona, njo nakukuta mu sanduku. Amuka, baba. Amuka turudie kwetu. Hapa haina kwetu."

Simu zilikuwa juu kila upande. Sisi wa mbali ndivyo tulivyo. Msiba unarekodiwa ili walioko nyumbani nao walie. Jirani yetu mtu wa Tanga, fundi simu, alirekodi yote tangu jeneza hadi chakula, kwa ajili ya ukoo wetu Lubumbashi. Mzee naye aliinua simu yake, machozi yakimtiririka, na hakuna aliyeona ajabu. Jioni Mama aliuliza huyu Mzungu ni nani. Nikamweleza habari za Likasi na yaya. Mama alimwita, akamshika mashavu kwa mikono miwili. Kwetu aliyeketi matangani pako si mgeni tena, na Mama alimhesabu hivyo tangu siku ile.

Mama alikataa kurudi kabla ya kuvua nguo nyeusi, yaani mwaka utimie. Akabaki nami pale uani. Haikupita miezi mingi, fundi simu alinijia akiwa hana ule utani wake.

"Dada, keti kwanza," alisema. "Kuna mteja kaniletea simu nitengeneze, nimekuta kitu humu. Sijui nikuonyeshe au nisikuonyeshe."

Alikuwa Mama. Mama, kilemba kimemdondoka, kanga imelegea kiunoni, mdomo wazi. Sauti yake ile ile. Na chini ya picha, maneno ya Kiingereza yakienda sambamba na kilio chake. Fundi alinisomea kwa sauti ndogo: Hapa sasa ni kwetu. Hatuondoki. Wenye nyumba hizi wataondoka wao. Amkeni, watoto wangu, mzichukue.

Mwishoni alitokea mzee mwenyewe, na shati lake la kikundi, akieleza kwamba ameishi nao, amekaa kwenye mikutano yao, na haya ndiyo wanayoyasema wakidhani hakuna anayewasikia.

Niliomba maji. Hasira niliyokuwa nayo sikujua niiweke wapi. Angechukua picha yangu, angechukua hata ya maiti, ningesema ni ukatili wa kisiasa. Alichukua kilio cha mama aliyemshika mashavu, akakigeuza kila neno upande wa pili: hapa si kwetu ikawa hapa ni kwetu.

Video ile ilimpandisha. Watu ambao hawakuwahi kuja kwenye vikao vya mapazia sasa walijaza ukumbi. Redio ilimwita. Alialikwa miji mingine kuonyesha kilio cha Mama yangu kwenye ukuta mkubwa. Saluni ya Mkongo mwenzetu mtaa wa pili ilivunjwa mchana kweupe. Kijana wa kanisani kwetu, mwanafunzi wa chuo kule Doornfontein, aliandika tafsiri ya kweli chini ya video, neno kwa neno. Akatukanwa mpaka akafunga ukurasa wake.

Ilibidi nimwambie Mama, kwa sababu wateja walianza kumwangalia. Nilimwonyesha, nikamtafsiria walivyomtafsiri. Alitazama mpaka mwisho, akaomba arudishiwe tena.

"Alisikia mubaya," alisema.

"Mama!"

"Alitoka kwetu mutoto. Kiswahili yake ni ya mutoto. Mutu analia, maneno inakatika-katika, atasikia aje muzuri? Alisikia mubaya, akaogopa."

Tulibishana sana, miezi mizima. Kila nililomletea lilimpa sababu nyingine ya kumtetea. Mzee alipokuja mlangoni, bila kututazama machoni, akasema, "Muhame, mama, bantu yangu beko na kasirani," mimi nilitema mate chini. Mama alisema, unaona, ametuonya. Tulihamia chumba cha mlimani, mtaa wa Observatory, na mizigo kichwani, na njia nzima Mama alikuwa akinieleza kwamba mtu mbaya hamwonyi mtu. Nikaacha kumjibu. Niligundua kwamba hakuwa anamtetea yule mzee. Alikuwa anaulinda msiba wenyewe. Siku ile alizika mwanawe kwa msaada wa mikono mingi, na hakuweza kukubali kwamba mikono miwili kati ya hiyo ilikuwa inamwibia.

Sasa sikilizeni alivyoanguka, maana haki haikuhusika. Fundi simu, kwa hasira zake za Kitanga, bila kuniuliza, aliitupa hewani ile video ndefu aliyowarekodia wa nyumbani. Sehemu ya chakula. Mzee kakunja miguu mkekani, bega kwa bega na Wakongo watatu, wote wanne mkono katika sahani moja. Anachovya tonge kwenye sombe. Analamba kidole. Anacheka na mtu, anajibu kwa Kiswahili.

Watu wake hawakumuuliza kama alidanganya. Walimuuliza kuhusu sahani. Waliomshangilia kwa sababu anatujua sasa walimcheka kwa sababu hiyo hiyo. Wakamtungia jina chafu, na msaidizi wake, kijana aliyekuwa akimfungulia mlango wa gari, akashika uongozi. Ukweli ulikuwa umewekwa pale mbele yao na haukumtikisa. Bukari ndiyo iliyomwangusha. Kisha mmoja wao akaenda kuwaambia polisi kuhusu bunduki zilizofichwa juu ya dari ya gereji. Nilimwona kwenye simu ya mteja, akitolewa getini kwake na pingu, na zile soksi. Alipewa dhamana arudi kusubiri kesi, katika nyumba isiyo na mgeni hata mmoja.

Nilifurahi, sitaficha. Nilipika pilau.

Mwaka 2019 siku ya Mama ya kuvua nguo nyeusi ilipofika, aliniambia nimwite.

"Sitamwita."

"Aliketi matangani. Mwenye kuketi anaitwa wakati ya kumaliza. Utanifundisha desturi?"

"Atakuja kufanya nini, Mama? Kurekodi?"

"Nataka aniambie alisikia mubaya. Aseme tu, mbele ya bantu. Nitarudi kwetu na roho safi."

Basi nilimtumia ujumbe, nikiomba Mungu asije. Alikuja. Aliteremka kwenye teksi pale chini akapanda mlima kwa miguu, amekonda, shati likimpwaya mabegani. Uani walikuwa watu wa kanisani, wazee wawili wa kwetu, na fundi simu ambaye alimwona akasimama, kisha akaketi tena kwa ajili ya Mama. Mzee alikaa mwisho wa mkeka. Hakuna aliyemsogelea wala aliyemfukuza.

Mama, kitenge kipya cha njano mwilini, alichukua jagi na beseni ili awanawishe mwenyewe. Alianzia kwake. Mzee akanyoosha mikono. Mama akashika jagi juu ya mikono ile, asimimine.

"Mutoto ya Likasi," alisema. "Siku ile nilipolia, nilisema nini?"

Nilikuwa nimesimama nyuma ya Mama na sahani. Nilijua anamfungulia mlango, na ungemtosha mtu yeyote. Angesema tu mama, sikusikia vizuri. Hata uongo ungepokewa.

Mzee alianza kulia. Kisha akajibu, kwa kile Kiswahili chake cha kitoto, polepole:

"Ulisema, mutoto yangu, unaniacha na nani. Nilikuya kukuona, njo nakukuta mu sanduku. Amuka, baba. Amuka turudie kwetu." Akamalizia, "Hapa haina kwetu."

Hakuacha hata neno. Mimi mwenyewe, mwanawe wa kumzaa, nisingeweza kuyapanga vile.

Mama alishusha jagi.

"Kumbe ulisikia yote," alisema.

Akainua jagi, akampita, akamnawisha aliyefuata. Mzee alibaki na mikono mbele kwa muda, kisha akaivuta mapajani. Hatukuona alivyoondoka. Tulipoinua macho kutoka kwenye chakula mkeka ulikuwa na nafasi.

Baadaye tulipokuwa tunaosha vyombo, mimi na Mama, nilingoja alie au anikubalie kwamba nilikuwa sahihi. Alisugua sufuria ya bukari mpaka ikang'aa, akaipindua juani.

"Miye nilikuwa nataka akuwe mujinga tu," alisema.