Siku Lori Liliposhuka Mtoni

Harufu ya saruji mbichi ndiyo iliyotawala kiangazi kile kule kwetu Kasikeu. Malori yalikuwa yamezoa mchanga wa mto wetu mpaka mwamba ukaonekana, na mto usio na mchanga hauhifadhi maji: mvua ilinyesha, ikapita, ikaenda zake. Matete yalikauka, vyura wakanyamaza, nasi tukafuata maji mbali hadi kamba za mitungi zikatuchubua mapaji ya nyuso. Ndipo mama yangu na wanawake wenzake walipoamua kujenga ukuta wa mawe kukatiza mto, ili mafuriko yakija yaache mchanga nyuma yake. Haba na haba, ukuta ukainuka.

Alasiri moja, saruji ikiwa bado mbichi, lori lilishuka mtoni. Mchanga uliosalia ulikuwa upande wa juu, na njia ilipita juu ya ukuta. Mama akaketi mbele ya gurudumu.

“Mama, toka! Mimi natafuta riziki tu,” dereva akapaza sauti.

“Hata sisi tunatafuta. Basi pita juu yangu.”

Injini ikanguruma. Gurudumu likasogea, likakanyaga pindo la leso yake. Nikapiga mayowe, mama hakugeuka. Kisha tukasikia mvumo kutoka juu mtoni. Kwetu jua liliwaka, lakini milimani mvua ilikuwa imenyesha.

“Maji!” wanawake wakapiga kelele.

Mama akaichana leso, tukakimbilia ukingoni. Dereva alijaribu kurudi nyuma, magurudumu yakazama topeni. Maji mekundu yalipofika mlangoni, alipanda juu ya paa, akilia kama mtoto.

“Mchimba kisima huingia mwenyewe,” shangazi Kavata akasema.

“Hata huyu ana mama yake,” mama akamjibu. “Leteni leso.”

Walizifunga pamoja, wakamrushia, wakamvuta hadi nchi kavu. Aliondoka akitetemeka, wala hakurudi kutushukuru. Nusu ya ukuta ilikuwa imesombwa. Wengine walisema afadhali angezama. Maji yalipopungua, mama alianza kuokota mawe.

Ukuta ulijengwa upya, na mvua baada ya mvua mchanga ukarudi. Leo wanangu hufukua kwa mikono tu, maji yakachipuka, wakarushiana huku wakicheka. Huwa nataka kuwakemea wasiyamwage. Kisha nanyamaza. Mimi sikuwahi kuchezea maji nikiwa na umri wao.