Ukwaju Juu ya Marumaru

Bi Maleka hakuwa mtu wa kukaa na kitu kisichong'aa. Vifundo vya shaba vya mlango wake pale Ndia Kuu kinyozi angeweza kuvitumia kama kioo, na masinia yake yaliazimwa na nusu ya mtaa kila palipokuwa na arusi. Siri yake ilikuwa ukwaju. Akiuloweka, akaukanda, akausugulia shaba, basi hata shaba iliyooza ingemchekea. Kwa maarifa hayo alijiona bingwa wa kung'arisha chochote kilichoumbwa, na hapo ndipo alipojiponza.

Maana mumewe, Bwana Esmail muuza vitambaa, naye alikuwa na chake: sakafu ya marumaru ya sebuleni, ambayo mawe yake aliyaagiza Bara Hindi mara vita vilipokwisha. Aliipenda kuliko meno yake. Aliifuta mwenyewe kila asubuhi, kwa maji matupu na kitambaa laini, wala hakuruhusu viatu wala zulia. "Marumaru ifunikwe?" husema. "Kwani maiti hiyo?"

Bi Maleka alimwonea huruma. Maji matupu! Hata sufuria ya chai haitakati kwa maji matupu. Basi siku ambayo kina Kamaludin walikuwa waje kumposa binti yao Sabira, naye Bwana Esmail yuko dukani, Bi Maleka alimwita Dama, mwanamke aliyemsaidia kazi za nyumba, wakamwaga ukwaju katikati ya sebule.

"Bibi, mbona jiwe latoka povu?" Dama aliuliza.

"Ndiyo taka hizo zatoka! Sugua, mwanangu, usizionee haya."

Wakasugua kwa raha zao. Povu lilipokauka pakabaki baka kubwa lililofifia, halina nuru, kama chapati mbichi. Bi Maleka alisugua kwa maji, akasugua kwa sabuni, karibu asugue kwa machozi. Wapi! Jiwe lilikuwa limekwisha liwa na ukali wa ukwaju. Na mlangoni akamsikia mumewe, amesharudi kutoka dukani, akikaribisha wageni: "Tafadhalini, vueni viatu, muonje baridi ya marumaru!"

Dama akanyakua ndoo akakimbilia jikoni. Bi Maleka akafanya la pekee lililomjia: akaketi juu ya baka na kulitandaza gauni lake pana pande zote.

Mama yake Kamaludin, Bi Tasleem, aliingia mikono wazi tayari kukumbatiwa. Mgeni wa posa hapokewi kwa kitako, hilo hata mtoto wa chuo cha Kurani alijua. Bi Maleka alimnyoshea mikono kutoka kule kule chini.

"Karibu, dada'ngu. Niwie radhi, mguu umenifia ganzi."

Bi Tasleem akasimama. "Tangu lini?"

"Tangu... asubuhi."

"Na marehemu mamako, Mungu amrehemu, alikuwa nayo?"

"Nini?"

"Ganzi."

Bwana Esmail, asiyejua lolote, akaona naye achangie. "Kwao wote ndivyo walivyo! Hata Sabira wetu akikaa sana jamvini hulalamika miguu."

Bi Tasleem akamtazama mwanawe, kisha akauvuta mtandio wake vizuri begani. "Tutakuja tena inshallah," alisema, kwa ile sauti ambayo kila mama mwenye binti aijua, kwamba anayeitoa harudi. Nyuma ya pazia Sabira akaanza kulia, tena si kwa siri.

Kilio kile kilimpasua Bi Maleka moyo. Akainuka wima kwa mkupuo mmoja.

"Mizima! Miguu yetu sote mizima! Ni ukwaju!" Na akaruka juu, akaruka tena, ili pasiwe na shaka.

Wote wakatazama chini. Bwana Esmail alipiga magoti akalipapasa baka. Bi Tasleem naye akainama, akaligusa kwa kidole, akamtazama Bi Maleka ambaye bado alikuwa akiruka, akaangua kicheko hata akashika ukuta.

"Alhamdulillahi," alisema, akiketi. "Kumbe lililopooza ni jiwe!"

Posa ikapokewa papo hapo, huku mwenye nyumba bado amepiga magoti akililia jiwe lake. Kamaludin, kijana wa adabu, akidhani hiyo ndiyo desturi ya nyumba ile, akaja akapiga magoti kando yake.