Kifungo Kiko Kushoto

Mume wangu ni fundi cherehani, na nimekaa naye miaka ishirini na saba bila kumsikia akimwambia mteja "njoo kesho". Msimsifu upesi. Nguo zake zilichelewa kama za mafundi wote. Ila yeye alikuwa na njia yake ya kulisema hilo bila kulisema.

Mteja aliingia, akaulizia suruali yake. Fundi aliinuka, akasalimu, akaulizia hali ya watoto mmoja mmoja, kisha akakunja uso kama daktari aliyeona jambo.

"Mbona una kitu sikioni?"

Akapeleka mkono wa kulia, akachomoa kifungo cheusi cha matundu manne. Akakifumba, akapuliza ngumi, akafungua vidole. Hakuna kitu. Mteja alicheka, akampigapiga begani, akaaga vizuri, akaondoka. Alipofika kwenye kona ya duka la viatu ndipo alipokumbuka suruali, na kwa kuwa alikwisha kuaga vizuri, aliona haya kurudi. Mwalimu mmoja jirani yetu amefika kwenye kona ile mara nne kwa suti moja.

Hakuishia kwenye vifungo. Alipoteza chaki, ufunguo wa kufuli la duka, yai bichi, na kijiko cha chai msibani, ambako hakuna aliyemwomba.

Mimi hakunipata hata mara moja, na siyo kwa akili nyingi. Kazi yangu ni pindo na matundu ya vifungo, kwa mkono, na kigoda changu kilikuwa upande wake wa kushoto, macho yangu sawasawa na ukingo wa meza. Mkono wa kulia ulikuwa unaonyesha, wa kushoto unaficha. Watu wote walitazama kulia. Mimi nilitazama kushoto kwa sababu ndiko nilikokaa.

"Kiko kushoto," nilikuwa nasema bila kuinua kichwa, "na suruali yako haijakatwa bado."

Hivyo ndivyo tulivyojuana. Nilipeleka gauni kuongezwa upindo, akanikalisha kwenye kigoda kile kile, akanitoa kifungo sikioni, nikamwambia kiko wapi. Alinitazama muda mrefu. Mwezi haukuisha akaja kwetu na mjomba wake, amevaa suti ambayo mkono mmoja ulikuwa umeshikizwa kwa pini. Tangu hapo kila nilipomharibia mchezo alisema neno lile lile: "Siku moja, mwenzangu, utaniuliza mwenyewe kimeenda wapi." Nami nilimjibu kwamba siku hiyo nitakuwa nimekufa.

Kiharusi kilimkuta asubuhi, anapiga pasi kola. Hakuanguka. Alisimama tu, na pasi ikasimama naye, nikasikia harufu ya kitambaa kuungua kabla sijainua macho. Nilianza kumgombeza. Maneno yale nayakumbuka yote, na laiti ningeyasahau.

Ulimi ulirudi taratibu, mguu nao ukarudi kwa kukokota. Mkono wa kulia ukakataa. Ukabaki unalala pale unapowekwa. Pale hospitali palikuwa na mama mmoja wa mazoezi ya viungo, mkali, nikampenda mara moja. Alituambia wazi: "Vidole hivi vikikaa bure miezi hii, vitabaki hivi hivi. Autumie mkono. Kwa lolote lile." Akampa mpira wa sponji wa kubinya. Fundi aliushika kwa mkono wa kushoto, akaugeuza kutafuta mshono, hakuuona, akaudharau. Tulipofika nyumbani akautia kwenye droo ya zipu mbovu.

Jumapili ya kwanza binti yetu alikuja kumtazama, na Mwalimu naye akaja. Binti akanivuta jikoni.

"Mama, baba akifanya mchezo wake leo, usimharibie."

"Nitafanyaje?"

"Shangaa kama watu wengine."

"Mimi kushangaa sijui."

"Jifunze, mama. Mara moja tu."

Na kweli alijaribu. Alikitia kifungo katika vidole vya kulia kwa msaada wa kushoto, akapitisha mkono mwingine juu yake, akapuliza. Kifungo kilikuwa pale pale, nusu nzima iko nje. Binti akapiga makofi. Mwalimu, ambaye ni mtu mwema, akapiga makofi na kusema "Ajabu!" Kisha wote wawili wakanigeukia.

"Lo!" nikasema. "Kimeenda wapi?"

Fundi alinitazama. Hakukasirika, na heri angekasirika. Kifungo kilidondoka kwenye meza, kikabingirika, kikagota kwenye cherehani ya pale nyumbani. Hakukiokota. Akasema amechoka, akaenda kulala, akageukia ukutani.

Alilala hivyo siku kumi na nane. Alikula nilipomlisha, akajibu nilipomuuliza. Mkono ulikuwa juu ya shuka na vidole vikaanza kujikunja kwa ndani, vigumu. Nilivinyoosha kila asubuhi na kila asubuhi vilikuwa vigumu zaidi. Binti akasema ni ugonjwa. Mimi nilijua siyo ugonjwa. Kitu alichokitafuta kwangu miaka ishirini na saba, nilikuwa nimempa kwa kumhurumia. Niliona aibu, na mimi nikiona aibu hupandwa na hasira.

Siku ya kumi na nane nilichukua kile kifungo, nikaenda nikakiweka kifuani pake.

"Siku ile kilikuwa kinaonekana," nikamwambia. "Kilikuwa kwenye mkono wa kulia, kati ya vidole. Mtoto wa kunyonya angekiona. Nilikudanganya. Mchezo ule ulikuwa mbovu kuliko yote uliyowahi kufanya."

Akakishika kifungo kwa mkono wa kushoto.

"Kuliko ule wa kijiko, msibani?"

"Kuliko ule wa msibani."

Akaniomba nimkalishe.

Basi tukahamia dukani wote wawili. Mimi nikakaa kwenye cherehani, maana mtu ilibidi akae, na yeye nikamwekea kiti chenye mikono pembeni yangu. Kazi yake ikawa moja: anakitia kifungo kiganjani mwa mkono wa kulia, anajaribu kufumba, kinadondoka, tak, kwenye sakafu. Mimi nasimamisha mashine, nainama, naokota, nampa. Tak. Wiki ya kwanza nilikuwa naokota vifungo kuliko kushona. Nilimtukana yeye, nikakitukana kifungo, nikamtukana na aliyekitengeneza. Yeye alikuwa anasema "asante, mwenzangu" kwa adabu iliyonizidishia hasira.

Mwezi wa pili tak zikapungua. Mwezi wa tatu zikaisha kabisa. Alikaa tu, mikono yote mapajani, anatazama mlango. Nikajua amekata tamaa. Roho iliniuma. Nilirudi kwenye suruali ya Mwalimu.

Mwalimu akaja kuifuata siku ya Jumanne. Suruali ilikuwa na mguu mmoja. Nilikuwa nimeshafungua kinywa nimwambie aje kesho, ndipo Fundi aliposema pale kitini:

"Mwalimu. Mbona una kitu sikioni?"

Mwalimu akainama ili afikiwe. Fundi akapeleka mkono wa kushoto, mzima, akachomoa kifungo. Akaushusha mkono mapajani, akauinua tena umefumbwa, akapuliza. Mwalimu alikuwa ameshaandaa uso wa kushangaa.

"Kiko kushoto," nikasema, nikaendelea kukanyaga pedeli.

Akafungua mkono wa kushoto. Hakuna kitu.

Nikasimamisha mashine. Shati lake lilikuwa la mikono mifupi. Nikatia vidole katika mfuko wa kifuani, mna risiti ya dawa. Nikatazama chini ya kiti. Hapakuwa na tak, ningeisikia, sauti ile naijua kuliko sauti ya mlango wangu.

"Kimeenda wapi?" nikauliza.

Nilikuwa nimeshasema ndipo nilipojisikia. Fundi alijiweka sawa kitini. Alikuwa amengoja muda mrefu na hakuwa na haraka. Kisha akautazama mkono wa kulia, uliolala pajani palepale unapolala siku zote. Mkono ule nilikuwa nauosha, nauvika, naunyoosha kila asubuhi, na tangu hospitali sikuwa nimewahi kuutazama kama mkono unaoweza kunificha kitu. Kidole gumba kikasogea. Kikafuata cha shahada, halafu vingine, kimoja kimoja. Kifungo kilikuwa ndani, na kiganja kilikuwa na alama yake, duara jekundu, kwa jinsi alivyokibana.

Mwalimu alisahau kupiga makofi. Mimi nililia, na sioni sababu ya kulificha hilo.

"Rudia," nikamwambia.

Fundi akakifumba tena kifungo chake, polepole, akaegemea kiti.

"Njoo kesho," akasema.