Muuguzi wa Mwabulugu na kaniki yenye tundu

Maji yanachemka juu ya jiko la mafuta ya taa. Ndani ya sufuria bomba la sindano la kioo linagonga ukingo taratibu, na Jilala Mashimba anasubiri, amekunja mikono. Hana haraka. Husema sindano isiyochemshwa vizuri afadhali isichomwe kabisa.

Ni asubuhi ya mwezi Juni, mwaka 1976, msimu wa kuvuna pamba. Katika chumba cha sindano cha zahanati ya kijiji cha Mwabulugu, wilayani Bariadi, kaniki nyeusi imetundikwa kwenye kamba ya katani kutoka ukuta hadi ukuta. Usawa wa bega la mtu aliyekaa, kaniki hiyo ina tundu.

Upande wa pili wa kaniki amekaa bibi mmoja. Jilala hamwoni, wala hapaswi kumwona. Ni mama mzazi wa mkewe.

"Mama Sayi," Jilala anamwita mkewe Mektilda, aliyesimama penye ukingo wa kaniki, mguu mmoja huku na mwingine kule. "Mwambie mama atoe mkono."

Mektilda analisema neno hilo kwa Kisukuma. Mkono mwembamba wenye bangili ya shaba unatoka tunduni. Mektilda anaushika, anausugua kwa pamba yenye spiriti. Jilala anasogea, anachoma, anachomoa. Kidole chake hakijaigusa ngozi ya mama mkwe. Kilichomgusa ni sindano tu.

"Mwambie tayari."

"Amesikia," anajibu Mektilda. Asisikie vipi, na kati yao ni kitambaa tu?

Jina la bibi huyo ni Milembe. Tumelipata kwa Mektilda, kwa kuwa mwenyewe Jilala hawezi kulitamka. Kwa adabu ya Wasukuma, mkwilima, yaani mume wa binti, haonani uso kwa uso na mama mkwe, hali naye, hamgusi, wala hataji jina lake. Wakikaribia kukutana njiani, mmoja huingia porini hadi mwingine apite. Hiyo si chuki. Ni heshima, na aliyelelewa vizuri huishika mpaka kaburini.

Jilala amelelewa vizuri, na ndipo shida yake ilipoanzia.

Ana umri wa miaka thelathini na tisa. Juu ya kabati la dawa, ndani ya fremu ya mbao, kimetundikwa cheti chake cha muuguzi Daraja B, alichokipata baada ya miaka mitatu ya mafunzo katika hospitali moja ya misheni. Kwao Nkololo habari hizo hazikupokewa kwa vigelegele.

"Baba alikuwa na ng'ombe wengi," anasema. "Aliniuliza, 'Nimezaa dume ili likaoshe vidonda vya watu?' Aliacha kuuliza siku nilipomfunga yeye mwenyewe kidonda cha mguu."

Alifanya kazi wodini mjini Shinyanga kabla ya kuletwa Mwabulugu, zahanati ilipofunguliwa. Hapa yuko peke yake na watu wapatao elfu mbili. Anatibu malaria, vidonda, vichomi na kuhara. Kinachomshinda hukipakia kwenye lori la pamba liendalo Bariadi, siku likipita. Mshahara wake ni shilingi mia nne na kidogo. Anasema unatosha kwa mtu asiye na tamaa, na hapo mkewe anatazama pembeni.

Zamani adabu ya ukwe haikumsumbua. Wazazi wa Mektilda walikuwa na mji wao peke yao ng'ambo ya mto, na ungeweza kumaliza mwaka mzima bila kukutana nao. Ikaja Operesheni Vijiji ya mwaka 1974. Kaya zilizokuwa zimetawanyika zikakusanywa, nyumba zikapangwa mistari, kila mtu na kiwanja chake. Kiwanja cha Milembe kikaangukia nyuma ya zahanati.

Wala hakuja peke yake. Walikuja dada zake, na wake wa kaka zake, na kwa hesabu ya ukoo wote hao ni mama wakwe wa Jilala.

"Mtaa wa kaskazini karibu wote ni wakwe zangu," anasema, na kwa mara ya kwanza anatabasamu kidogo. "Serikali ilinipa zahanati, ikanizungushia wakwe."

Akatafuta njia ya kuishi nao. Kila alipotaka kutoka mlangoni alikohoa kwanza, kwa nguvu, ili kama kuna mkwe jirani apate nafasi ya kujificha. Wanakijiji walimsifu. Walisema huyu ndiye msomi asiyesahau alikotoka.

Kikohozi hicho ndicho kinachomuuma hadi leo.

Msimu wa pamba wa mwaka jana, Nyanjige, mdogo wake Milembe, alishikwa na vichomi. Aliugulia ndani, kwa kuwa mwenye dawa alikuwa mkwilima wake. Siku moja alisikia kwamba Jilala amekwenda Bariadi kuchukua dawa. Akajikongoja hadi barazani kwa zahanati, akitumaini kumkuta Mektilda ampe chochote cha kutuliza. Hakujua kwamba Jilala alikuwa amepata lifti, na alikuwa amesharudi mapema.

Ndani, Jilala alimaliza kupanga chupa kabatini. Akaelekea mlangoni. Akakohoa.

"Nilipotoka niliona mgongo wake," anasema. "Anakwenda amejishika ubavu. Nilijua ni vichomi, mtu wa kazi hii unajua kwa kuona tu. Sikumwita. Ningemwitaje? Jina lake siwezi kulitaja."

Alimtuma Mektilda na vidonge. Nyanjige alivimeza, lakini ugonjwa ulikuwa umeshakwenda mbali, na kilichohitajika kilikuwa sindano. Alifariki kabla ya Jumapili.

Msibani wakwilima ndio wenye kazi, na Jilala alipewa shoka. Alipasua kuni mpaka viganja vikatoka malengelenge. "Dawa yake ilikuwa kabatini," anasema. Anasema mara mbili.

Tangu siku hiyo hakohoi tena. Vumbi la kiangazi likimkaba hufunika mdomo kwa kitambaa, macho yakamtoka machozi.

Baada ya msiba alianza kumfundisha mkewe. Mektilda alijifunza kuosha vidonda, kufunga bendeji na kuhesabu vidonge. Kisha Jilala akampa bomba la sindano na chungwa, akamwonyesha jinsi ya kuchoma. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Lakini mkaguzi aliyefika kutoka wilayani alimkuta na bomba mkononi, mgonjwa amekaa mbele yake, na akamwita Jilala nje.

"Aliniambia kwa upole," Jilala anakumbuka. "'Bwana Mashimba, kwenye cheti kuna jina lako, si la mkeo. Akichoma vibaya, mtu akapooza mguu, tutakufuta.' Na alisema kweli. Mimi mwenyewe ningekuwa mkaguzi ningesema hivyo hivyo."

Basi mambo yakakwama. Mwenye cheti alizuiwa na mila, na asiyezuiwa na mila hakuwa na cheti. Mwenyekiti wa kijiji, Anatoli Nyanda, alilipeleka jambo hilo kwa wazee, nao wakasema watalitazama. Walikuwa bado wanalitazama wakati Milembe mwenyewe alipoanguka shambani, kikapu cha pamba kichwani, akashindwa kuvuta pumzi.

Vilikuwa vichomi tena. Mwanawe wa kiume, Salu, alitaka kumpakia kwenye baiskeli hadi Bariadi, lakini mama hakuweza hata kuketi. Jilala alisimama uani kwa mama mkwe wake, mahali ambapo alikuwa hajawahi kukanyaga, sindano ikiwa mfukoni ndani ya kisanduku chake.

"Nitaingia," alimwambia mkewe. "Wanilaani baadaye."

"Ukiingia atatoka," Mektilda alijibu. "Na akitoka atafia njiani. Unataka kupasua kuni za mama pia?"

Mgonjwa alikuwa anasikia yote. Akaomba wembe. Akavuta kaniki yake ya kwendea minadani, mpya, iliyonunuliwa kwa pamba ya mwaka jana, akaikata tundu. Kisha akamwambia binti yake aitundike mlangoni.

Tulimuuliza Milembe, kupitia kwa Mektilda, alilitoa wapi wazo hilo. Alijibu bila kugeuka, kwa sauti ambayo bado ina mkwaruzo wa ugonjwa.

"Adabu ni ya macho na ya ngozi. Macho yangu hajayaona, ngozi yangu hajaigusa. Sindano haikuoa kwetu."

Wazee walipolisikia neno hilo walitazamana. Mmoja wao alisema halina kosa. Wengine walinyamaza, na mwenyekiti Anatoli akauhesabu unyamavu huo kuwa kibali. Milembe alipopata nafuu ya kutembea, kaniki ilihamia zahanati pamoja naye.

Leo amechomwa sindano yake ya mwisho. Jilala anaweka bomba kwenye sufuria na kueleza anachokitumaini. Kijiji kimetakiwa kuchagua mtu mmoja wa kwenda mjini Bariadi kusomea uhudumu wa afya, arudi na cheti chake. Mektilda aliishia darasa la nne, lakini jioni yuko darasani, elimu ya watu wazima, na anaandika vizuri kuliko wengi. Mkutano wa kijiji utaamua baada ya mavuno.

Hakuna uhakika. Wapo wanaosema zahanati si shamba la familia moja, na Jilala hawalaumu. Hata hivyo amekwisha kupigilia msumari mwingine ukutani, kando ya cheti chake.

"Siku atakayorudi nacho, nitaishusha kaniki hii," anasema. "Tundu nitalishona mwenyewe, kisha ampelekee mama nguo yake. Kushona najua, hata ngozi za watu nimeshona nyingi."

Milembe bado hajainuka. Anamnong'oneza binti yake, na Mektilda anayatoa maneno upande huu.

"Mama anasema amekusikia ukijikaba siku zote hizi. Anasema mdogo wake alikimbia kwa sababu hapakuwa na pa kukaa. Sasa pana kaniki. Anasema ukohoe tu, hatoki mtu."

Jilala anatazama chini. Anafuta macho kwa mkono wa shati lake jeupe, bila kujificha. Milembe anainuka, na nyayo zake zinasikika zikielekea barazani, ambako wanawake wawili wa mtaa wa kaskazini wamekaa tangu asubuhi wameupa mlango migongo.

Jilala anachemsha bomba upya. Anasubiri. Bomba likiwa tayari anasimama mbele ya kaniki, anakohoa mara moja, si kwa nguvu. Kiti cha upande wa pili kinalia, na mkono mwingine unatokea tunduni.