Landrova ya Mama Juu ya Mawe

Nilichomoa barua ya Mama chini ya kikombe cha karani wa ada ya barabara Musoma, chai ikamwagika mezani mpaka kwenye suruali yake, na sikuomba radhi.

Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa ameniuliza, "Wewe na mwenye gari mnahusianaje?"

"Mume wangu. Amefariki."

Akatazama kadi ya gari, akaona jina la kike. Akamgeukia mwenzake wa dirisha la pili. "Hebu njoo usikie! Huyu dada mumewe ni bibi!"

Wakacheka. Foleni nayo ikacheka, na humo kulikuwa na watu wa Mara kabisa, wanaojua vizuri nilichosema. Mwanangu mgongoni akacheka naye, kwa sababu tu watu wanacheka. Ndipo nikaona kikombe kimekaa wapi.

Nieleze. Mama hakujaliwa mtoto wa kiume. Kwetu mwanamke wa namna hiyo anaweza kuoa: anatoa ng'ombe, anachukua binti, na watoto wa yule binti wanakuwa wa nyumba yake. Wanaiita nyumba ntobhu. Najua wako wasichana walioteswa humo, siwezi kuwasemea. Mimi nilimaliza kidato cha nne na mimba, baba mtoto akakimbilia migodini, nyumbani kwetu hakuna aliyenitaka. Mama alitoa ng'ombe sita akanichukua Butiama. Mwanangu alizaliwa mikononi mwake. Nilimwita Mama, lakini mbele ya ukoo alikuwa mume wangu, na alinitunza kuliko wanaume wengi ninaowajua.

Alikuwa na shamba la pamba Mugeta, na Landrova aliyoinunua ikiwa tayari mzee. Ilipokufa injini aliipandisha juu ya mawe nyuma ya nyumba, akavua magurudumu, akayaweka chini ya kitanda chake. Siku hizi ada ya barabara inakatwa kwenye mafuta, lakini miaka ile kila gari lililipiwa kila mwaka na kubandikwa stika kwenye kioo. Gari lisilotembea lilisamehewa, mradi mwenyewe atoe taarifa kwa maandishi. Mama alilipa miaka miwili ya mwanzo bila kujua. Alipoambiwa, akaanza kwenda kwa mtendaji wa kijiji kila mwaka, anaandikiwa barua, inagongwa muhuri, anarudi nayo nyumbani na kuitia kwenye kopo la maziwa ya unga.

Barua saba. Hakuna hata moja iliyofika Musoma. Kwa Mama, muhuri wa serikali ukishagonga karatasi, serikali imeshajua. Ukipeleke wapi tena kitu ambacho serikali yenyewe imekigonga?

Haya yote tuliyajua baada ya yeye kuvunjika nyonga. Akawa mtu wa mkeka na mto. Mashemeji zake, ndugu za marehemu mumewe, walianza kupita Mugeta, wanapima kwa macho. Mama akasema lazima amfikishe mtoto shambani, amkanyagishe mpaka kwa mpaka mbele ya majirani, ili kesho mtu asiseme hakuona. Bodaboda hawezi, basi hawezi. Nikasema tukodi gari.

"Mjukuu wangu aingie shambani kwangu na gari la mtu? Basi wewe hujanijua. Lile limebebaga wajawazito wa vijiji vyote hivi, litanibeba na mimi."

Fundi akaja kutoka Bunda, akakaa nayo siku nne. Injini ilipowaka, Mama alipiga makofi akiwa amelala. "Sikia! Inakohoa kama mimi, lakini imeamka." Tukayatoa magurudumu chini ya kitanda. Nikatandika godoro nyuma. Kilichobaki ni stika. Bila stika, trafiki angetukamata kabla hatujafika Bunda mjini, na ofisi haitoi stika kwa gari lenye deni la miaka saba. Mama akasema, wakifuta deni na kurudisha zile za miaka miwili aliyolipa bure, hizo ndizo zitakuwa mafuta ya Mugeta. Safari imejilipia yenyewe. Alifurahi sana na hesabu hiyo.

Nikaenda Musoma na kopo. Karani akazipitia barua. "Hizi hazina muhuri wetu wa kupokelewa. Mwenye gari aje mwenyewe."

"Hawezi kutembea, kaka. Gari la kumleta ndilo hilo tunaloliombea."

"Basi aje akipona."

Nilipomfikishia Mama maneno hayo, alicheka mpaka nyonga ikamuuma. "Muhuri si huu hapa? Au wanataka wanigonge na mimi kwenye paji la uso?"

Nikarudi na cheti cha daktari. Karani akataka picha za gari. Nikarudi na picha, nimelala kwa shangazi, mtaa wa Kamunyonge, ili niwe wa kwanza dirishani. Akasema hizo picha zinaonyesha gari lina magurudumu, kwa hiyo linatembea. Nikamwambia tumeyafunga juzi. "Sasa mimi nitajuaje, dada?" Akaita mtu wa nyuma yangu.

Mama alikuwa ameanza kuuliza kila asubuhi, "Stika imetoka?" Kisha akaacha kuuliza. Akawa anaomba nimvalishe mtoto viatu, amtazame tu. Alifariki Jumanne, uji wake ukiwa bado wa moto. Tulimzika hatua chache kutoka kwenye Landrova. Godoro lilikuwa bado nyuma, na shuka niliyokuwa nimeitandika.

Matanga hayajaanuliwa, shemeji yake mkubwa akasimama. "Huyo mtoto, nani alimwonyesha mipaka ya Mugeta? Nani aliona?" Ni kweli, hakuna aliyeona.

Ndiyo maana nilirudi Musoma na cheti cha kifo, nipate angalau karatasi ya kushuhudia nia yake, nikaishia kumwaga kikombe cha chai.

Mlinzi alinitoa nje. Nikatembea mpaka Kitaji kwenye duka la vifaa vya shule, nikanunua karatasi ya mistari, nikaandika nimesimama, mtoto ameshika sketi. Nikarudi, safari hii masjala, mlango mwingine kabisa. Yule mama wa masjala akapokea, akasema asante, nenda. Sikwenda. Nikamwambia gonga na nakala yangu, muhuri wa KUPOKELEWA, na tarehe. Akagonga. Hii hapa niliyoandika:

*Kwa Meneja. YAH: MALALAMIKO KUHUSU MSAMAHA NA MAREJESHO YA ADA YA BARABARA.*

*Mwenye gari alitoa taarifa kila mwaka kwa serikali ya kijiji kwamba gari liko juu ya mawe. Alikosea mlango. Hakudanganya. Naomba deni lifutwe na ada ya miaka miwili irejeshwe.*

*Nalalamika kwamba nimekuja mara nne, na kila mara karani wako alitaka kitu ambacho hakukitaja mara iliyotangulia. Nalalamika kwamba alinicheka mbele ya watu kwa ndoa yangu. Barua ya tano ina doa la duara. Ni la chai yake, barua isikataliwe kwa ajili hiyo.*

*Marehemu alikuwa anataka kumpeleka mtoto Mugeta akamwonyeshe mipaka. Hilo ofisi yako haiwezi tena kulirudisha. Ninachoomba ni iandikwe kwenye faili, kwa wino wenu na muhuri wenu, kwamba aliomba mapema, akiwa hai, na kwamba mtoto alikuwa ameshavaa viatu.*

*Wako, mjane wa mwenye gari.*