Nyasi za Bwawa Kule Kieni Hazikuchomwa na Wafugaji: Maelezo ya Aliyekuwepo

Wakuu, salamu zenu popote mlipo.

Mimi ni mtumishi wa umma mstaafu, mkazi wa Nyeri mjini. Kwa kawaida husoma tu humu na kupita. Leo naandika kwa sababu nimekasirika, na ninayoyasema nimeyaona kwa macho yangu mwenyewe.

Kuna video inayozunguka. Inaonyesha moshi juu ya kilima kikavu kando ya bwawa, ng'ombe wakinywa maji chini, na sauti ya mtu inasema eti wafugaji kutoka Doldol wamechoma nyasi za wenyeji makusudi. Watu wamechangia kwa matusi ambayo singependa wajukuu wangu wayasome.

Huo ni uongo. Aliyewasha moto ule ni mtu wa Karatina, tena mtu mzima, na tulikuwa tumekuja naye kwa gari langu.

Naomba mnisikilize kwa utaratibu.

Tangu nistaafu nimependa camping. Si ile ya vitanda na mhudumu wa kuleta kahawa. Mimi hubeba hema, meko madogo ya gesi, maji ya kunywa, na jembe la kuchimbia choo. Nikiondoka nafukia shimo na kurudi na taka zangu zote.

Mke wangu hajawahi kukubali kuandamana nami. Msimamo wake ni huu: "Mimi nililala kwa baridi nikiwa mtoto kwa sababu hakukuwa na nyumba ya maana. Sasa nyumba iko, ati nirudi nje?" Basi yeye hunifungia chakula na kubaki nyumbani.

Safari hii aliyekubali ni kaka yake mdogo, shemeji yangu, ambaye hapa nitamwita Gathogo. Ana duka la vifaa vya ujenzi Karatina. Ni mkarimu na mcheshi, na hajui kukaa bure hata dakika chache.

Bwawa lenyewe liko Kieni, mbele ya Endarasha, pale mashamba yanapokwisha na vilima vya nyasi kuanza. Sitalitaja jina ili msilivamie. Halina lango wala choo wala taa. Wakati wa kiangazi maji hurudi nyuma na kuacha ukanda mpana wa matope yaliyokauka na kupasuka. Juu ya ukanda huo ndipo nyasi zinapoanza, ndefu, rangi ya simba, hadi kilimani.

Linasimamiwa na kamati ya wenyeji. Mwenyekiti wake ni mama mmoja mkulima, tumwite Mama Wangeci. Nilimwomba ruhusa mapema, kama inavyostahili, na tulipofika akatupokea mwenyewe na kutuonyesha pa kusimamisha mahema: kwenye matope, mbali na mahali watu wanapoteka maji.

Kisha akatueleza jambo ambalo ndilo kiini cha uzi huu.

Nyasi zile hazilishwi hovyo. Tangu mvua ikatike, hakuna ng'ombe anayeruhusiwa kuzigusa. Zinatunzwa zisimame hadi kiangazi kiwe kikali kabisa, kisha zinafunguliwa. Kuna mstari wa mawe unaopanda kilima. Upande wa kushoto ni wa ng'ombe wa wenyeji. Upande wa kulia ni wa ng'ombe wa Bwana Abdi, mfanyabiashara wa mifugo wa Nanyuki, ambaye huleta kundi lake kutoka Doldol kule kukikauka. Yeye naye msimu wa mvua huwapokea ng'ombe wa wenyeji kwenye malisho ya upande wake. Ni makubaliano ya mdomo, na yamezuia ugomvi kwa muda mrefu.

"Mzee, moto ni hapa kwa matope peke yake," Mama Wangeci akaniambia. "Kule kwa nyasi hata kiberiti usitoe kwa mfuko. Hiyo nyasi ikienda, ng'ombe zetu zitakula nini? Na hao wa Abdi je? Si watu watashikana mashati?"

"Nimekuelewa, Chair," nikamwambia. "Mimi ndiye mdhamini wa kambi hii."

Akamtazama shemeji. "Na huyu?"

"Huyu pia."

"Wee, mimi naogopa huyu," akasema, na wote tukacheka.

Jioni ile ilikuwa njema. Tulikunywa chai ya gesi, tukala githeri, mahindi na maharagwe aliyonifungia mke wangu kwenye hotpot. Mawingu yakafunguka upande wa pili wa uwanda, na Mlima Kenya ukajitokeza mzima kwa muda mfupi. Shemeji akavua kofia. Nilidhani anaushangaa mlima, kumbe anawaza.

"Shemeji," akasema, "sasa hii ni kutembea gani haina moshi? Watu wakiniuliza Karatina nilikula nini, niseme githeri ya hotpot?"

"Sema ukweli."

"Aka! Mimi niko na mbuzi kwa buti."

Wakuu, nilikuwa nimesikia kitu kikigonga nyuma ya gari njia nzima nikadhani ni jeki. Mbuzi mzima, hai, amefungwa miguu kwenye gunia. Niliudhika sana kwa niaba ya mnyama yule. Lakini hapa kwetu mwanamume akienda mahali penye nyasi na kivuli bila kuchoma mbuzi, anaona kama hajaenda. Nikamruhusu, kwa sharti kwamba moto utakaa kwenye matope. Akaahidi.

Asubuhi iliyofuata Bwana Abdi akafika kwa pikipiki, na nyuma yake kundi likateremka kwa njia yake ya kila mwaka, njia pana iliyokanyagwa ikabaki vumbi tupu, inayokata kilima hadi kwenye birika la mifugo chini ya ukuta wa bwawa. Ng'ombe walikuwa wamekonda kiasi cha kuhesabika mbavu. Nyasi zilikuwa zifunguliwe siku hiyo hiyo, baada ya kamati na yeye kuzikagua pamoja.

Shemeji, kwa ukarimu wake, akamwita kwa sauti: "Abdi! Karibu nyama! Leo utakula ya Karatina!"

Abdi akaja, akaona mbuzi tayari ananing'inia kwenye mti akichunwa. Akatabasamu.

"Nani amechinja, mzee?"

"Ni mimi mwenyewe! Kisu moja tu!"

"Sasa ungeningoja. Nyama yako ni nzuri, lakini mimi nitakunywa chai."

Shemeji alitahayari vibaya. Mtu yeyote aliyewahi kufanya biashara Nanyuki anajua kwamba ukimwalika Mwislamu nyama, unampa kisu achinje yeye. Hata shemeji alijua. Haraka tu ilimponza. Abdi hakuonyesha kuchukizwa hata kidogo, akanywa chai yangu, akaisifia. Lakini shemeji akawa kama mtu anayetaka kusahihisha jambo kwa kuchoma nyama vizuri zaidi.

Tukamwacha hapo. Mama Wangeci, Abdi nami tukapanda kilima kando ya mstari wa mawe. Walikuwa wakitania njiani.

"Nyasi yako imenona kushinda yetu," Mama akamwambia. "Umeitilia dawa gani?"

"Dua, Mama. Nyinyi mnaomba Jumapili peke yake."

Tulikuwa karibu na kilele upepo ulipobadilika na kuanza kuvuma kwa nguvu. Nikageuka. Moshi haukuwa tena kwenye matope.

Baadaye nilielezwa ilivyotokea. Upepo ulikuwa ukirusha vumbi kwenye nyama. Shemeji, kwa kuihurumia nyama, akabeba makaa kwenye karai hadi nyuma ya kichaka cha leleshwa kilicho pembeni mwa nyasi, "kwa dakika tano tu, iive bila mchanga." Karai likapinduka.

Sijui kama mmewahi kusikia nyasi kavu zikishika moto. Ni sauti kama ya mvua kubwa kwenye mabati.

Tulikimbia. Mimi na magoti yangu nilikimbia. Abdi alipiga mbinja, na wachungaji wake wakaacha ng'ombe kwenye birika wakapanda na matawi mabichi ya leleshwa. Walijipanga pembeni mwa moto, si mbele yake, wakaupiga kutoka nyuma wakielekea mbele. Mama Wangeci akavua leso akajifunga puani, akaingia nao.

Shemeji naye? Haki itendeke. Aling'oa hema lake, lile jipya alilokuwa akinitambia barabara nzima, akalitumbukiza bwawani, akalivuta likiwa limejaa maji, akalitupa juu ya ndimi za moto. Akalirudisha tena bwawani. Akalitupa tena. Nyusi zake ziliungua. Hakuacha.

Tulifanikiwa kuubana ubavuni, lakini mbele ulikuwa umetushinda. Kilichouzuia ni ile njia ya ng'ombe inayoshuka sambamba na mstari wa mawe. Ulifika kwenye lile vumbi lililokanyagwa, ukatafuta cha kula, ukakosa. Tukazima vilivyobaki.

Tulipotazama, upande wa kushoto wa mawe, upande wa wenyeji, ulikuwa mweusi karibu wote. Upande wa Abdi ulikuwa salama.

Sasa fikirieni, wakuu, picha hiyo anaionaje mtu anayefika akihema kutoka mashambani. Nyasi zake zimeungua. Za mgeni zimesimama. Wachungaji wa mgeni wamejaa masizi.

Watu wakafika wengi, wengine na mapanga. Simu zikatolewa. "Ni hawa watu wa Doldol!" akapiga kelele mmoja. "Wamechoma yetu wabaki na yao!" Wachungaji wakasogeleana, fimbo mkononi. Abdi alinyanyua mikono akisema, "Ngojeni, ngojeni," na hakuna aliyengoja.

Nilifungua kinywa kusema. Shemeji akanitangulia. Alipita katikati ya makundi mawili, amelowa, amekosa nyusi, karai mkononi.

"Ni mimi," akasema. "Mimi wa Karatina. Nilikuwa nachoma nyama. Hawa ndio wamezima. Kama ni kupiga, pigeni mimi."

Mapanga yalibaki juu.

Kisha mama mmoja mkongwe akasema, "Haiya! Na nyama yenyewe imeiva?"

Kuna walioshindwa kujizuia wakacheka. Mapanga yakashuka. Aliyekuwa akirekodi, bila shaka, alikuwa ameshazima simu yake kufikia hapo. Ndiyo maana nyinyi mmeona mwanzo na hamjaona mwisho.

Kicheko hakirudishi nyasi. Mama Wangeci alikaa kwenye jiwe, akaongea bila kumtazama yeyote. "Abdi, yako imebaki. Chukua, ni haki yako, tulikubaliana. Yetu imeenda. Tutajua vile tutafanya."

Alikuwa sahihi kwa makubaliano. Mimi nimefanya kazi ya kusimamia makubaliano serikalini maisha yangu yote, na kwa maandishi au kwa mdomo, Abdi hakuwa na deni kwa mtu yeyote pale. Na ng'ombe wake ndio waliokuwa wamekonda zaidi.

Abdi alikwenda kwenye mstari wa mawe. Akainama, akaokota jiwe moja, akalirusha chini kuelekea bwawani. Akaokota la pili.

"Hii mawe ya nini sasa?" akasema. "Upande mbili iko wapi? Iko upande moja. Tukule pamoja mpaka iishe, halafu tuombe mvua pamoja. Jumapili na Ijumaa."

Mama Wangeci aliifunga leso yake upya. Kisha akainuka, naye akaokota jiwe.

Kamati ilikaa palepale. Nilitarajia watupige marufuku sisi na kila mtu wa mahema, na nisingebisha. Waliamua vingine. Shemeji alipe mbuzi hai, na safari hii kisu kishikwe na Abdi. Pia arudi kwa mikono yake mwenyewe afyeke ukanda mtupu kati ya matope na nyasi, kuzunguka upande wote wanapolala wageni. Wageni waendelee kuja, kwa ruhusa, na kwa meko ya gesi tu wakati wa kiangazi.

Alirudi. Nilikuwa naye. Alifyeka hadi viganja vikatoka malengelenge, wachungaji wakimcheka na kumwonyesha jinsi ya kushika panga kwa kazi ndefu. Mbuzi aliliwa na wote, kwenye matope, siku isiyo na upepo.

Nilipoondoka, ng'ombe wa Kieni na wa Doldol walikuwa kwenye nyasi moja. Si nyingi. Huenda zisitoshe hadi mvua. Lakini wenyeji wanaleta mabua ya mahindi, na Abdi ameanza kuuza wale ng'ombe wanaoweza kuuzwa ili wapungue. Wanahangaika pamoja, na hilo sikulitarajia siku ile niliposikia ile sauti ya mvua kwenye mabati.

Kwa hiyo, ndugu uliyeiweka video: iondoe, au weka maelezo haya chini yake. Watu wale ndio walioacha ng'ombe wao wenye kiu wakaja kuzima moto wetu.

Na kwa wapenda camping wenzangu, nililojifunza ni hili. Ukikuta mahali hapana lango wala kibao, usidhani hapana utaratibu. Upo, na kuna mtu anauishi. Mtafute umuulize kabla hujashusha mizigo. Na ukimdhamini mtu, usimwache peke yake na makaa.

Wenye uzoefu wa kuzuia moto kwenye nyasi kavu, karibuni mtufundishe. Kamati imeniomba niwapelekee mawazo yenu. Wanaotaka kutukana pia karibuni, lakini mtukaneni anayestahili. Shemeji yumo humu jukwaani, amesoma uzi huu kabla sijauweka, na ameahidi kujibu kila mtu bila kukasirika.